Jumamosi Nne za Timu ya Maghala

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Nilisimama barazani mwa ofisi ya gazeti letu la kila wiki mjini Kisii, barua ya mchungaji mfukoni na viatu vya kaka yangu miguuni, nikasubiri. Nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kupanga herufi za risasi katika mtambo wa kuchapia. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini na sikuwa na ujuzi wowote ila kusoma, kuandika na kukaa kimya.

Bwana Mhariri alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa ziwani, Mkatoliki asiyekosa misa. Alisoma barua ya mchungaji mara mbili, kisha badala ya kunipeleka kwenye mtambo akaniwekea karatasi mezani. Ilikuwa na matokeo yote ya mpira wa kikapu ya mwaka uliopita.

"Timu sita," akasema. "Msimu ujao nani atashinda?"

"Mungu ndiye ajuaye, Bwana."

"Najua kwamba anajua. Lakini yeye hakuomba kazi hapa. Aliyeomba ni wewe."

Niliudhika. Nyumbani kwetu jina la Mungu halikufanyiwa mzaha. Lakini viatu vya kaka vilikuwa vimenibana tangu kijiji cha Kiogoro na sikutaka kurudi navyo bure, kwa hiyo nikaisoma ile karatasi. Baada ya muda nikamwambia kwamba timu ya Walimu ilikuwa imeshinda michezo yake yote ya wakati wa likizo, na kushindwa karibu yote iliyochezwa shule zikiwa wazi. Akitaka kujua watakavyofanya mwaka ujao, aangalie kwanza tarehe za kufunguliwa kwa shule, si urefu wa walimu.

Bwana Mhariri akaichukua karatasi, akaitazama, akanitazama. "Kupanga herufi kutafanywa na mwingine," akasema. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutabiri msimu, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na ambayo namshukuru Mungu kwayo ingawa kuna jambo moja ndani yake ambalo hadi leo likinijia wakati wa kusali huwa nalazimika kuanza sala upya.

Ninyi vijana mnaoona wachezaji wa kulipwa kwenye televisheni mnaweza kudhani kwamba sisi tulikuwa na mchezo wa kujifurahisha tu. Si kweli. Kila timu ya ligi yetu ilikuwa ya mwajiri. Palikuwa na Walimu, Askari, Hospitali, Ufundi, timu ya kiwanda cha chai iliyoitwa Chai tu, na Maghala, iliyokuwa ya kampuni moja ya kuhifadhi maua ya pareto. Mwajiri alimwona kijana mrefu sokoni, akamwajiri, akamwita karani au mlinzi. Jina la kazi lilikuwa hilo, lakini alichoajiriwa kufanya alikijua. Akiumia goti, kazi ilianza kuyumba. Kwa hiyo nilipoandika kwamba timu fulani itakuwa ya mwisho, sikuwa naandika juu ya mchezo peke yake. Nilikuwa naandika juu ya chakula cha watu. Hilo nilichelewa kulielewa.

Utabiri wenyewe ulitoka ukurasa wa nyuma, wiki moja kabla ya msimu kuanza: timu sita zikipangwa kuanzia ya kwanza hadi ya sita, na aya moja ya sababu chini ya kila jina. Wiki hiyo gazeti liliisha mapema kuliko wiki ya uchaguzi. Watu walidhani naandika kwa kuota. Ukweli ni kwamba nilianza miezi mitatu kabla. Nilikwenda kwenye mazoezi na daftari. Niliuliza nani amepewa uhamisho, maana Askari walikuwa wakipoteza mchezaji wa kati kila mara serikali ilipohitaji mtu kwingine. Mchezaji wa kati ni yule anayesimama chini ya pete na kuukamata mpira unaorudi kutoka kwenye ubao. Ukimwondoa, wengine wanne wanabaki wakirusha na kukimbiza. Nilikagua hata mbao za magoli. Zilikuwa za mtarakwa, na zikilowa zilivimba, mpira ukigonga hapo ulianguka kama kiazi. Timu iliyozoea kufunga kwa kugongesha ubaoni ilipata shida msimu wa mvua.

Tena mvua ndiyo iliyoamua saa zetu. Yeyote aliyeishi katika milima hii anajua kwamba alasiri ni ya mvua. Viwanja vilikuwa vya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na murram ikilowa mtu anateleza kwa kifua. Kwa sababu hiyo michezo yote ilianza saa nne asubuhi, Jumamosi au Jumapili. Kumbukeni saa hiyo.

Baada ya mwaka mmoja Bwana Mhariri alinituma Nyamira, nikakae Ikonge kama mwandishi wa huko. Huko niliyemfuata kwa habari alikuwa Ofisa wa Wafanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyeisimamia pia ile timu. Mwaka wangu wa kwanza huko niliwapa Chai nafasi ya kwanza. Walikuwa wazuri kweli. Wakawa wa tano. Nilikwenda kwake nimenuna.

"Bwana, vijana wako wameniaibisha."

"Wewe ulihesabu vijana," akasema, akicheka hadi tumbo likatikisika. "Ulihesabu majani? Mvua ikija chai inachipua, majani yanafika kiwandani kwa malori, na hao vijana wako wa daftari wanayatandaza usiku na mchana yanyauke. Mtu aliyetandaza majani saa kumi na mbili mfululizo anaruka urefu gani?"

Tangu siku hiyo nilihesabu majani. Nilikaa Ikonge miaka mitatu, nikapelekwa Ogembo mwaka mmoja, na kila nilipokwenda nilijifunza kitu kingine cha kuhesabu: ndoa, misiba, mavuno ya mtama, mitihani. Niliporudi Kisii miaka ya sabini ikianza, Bwana Mhariri alinifanya Mwandishi wa Michezo. Nilikuwa na meza yangu na kiti chenye miguu minne iliyokamilika. Na nilikuwa na Jumamosi yangu.

Hili la Jumamosi lazima nilieleze, maana ndilo kiini. Mimi ni Msabato, na katika Gusii, nchi yetu, karibu nusu ya watu ni Wasabato na karibu nusu Wakatoliki, wengine wachache. Sabato yetu ni Jumamosi, tangu jua la Ijumaa linapozama. Bwana Mhariri, siku aliponiajiri, aliniambia: "Mchungaji wako ameandika kwamba Jumamosi hupatikani. Basi mchezo wa Jumamosi utaandikiwa habari na mwingine, nawe utauhariri Jumapili mimi nikiwa kanisani. Tumeelewana?" Hakulisema tena jambo hilo kwa miaka yote ile. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na bado namshukuru.

Wachezaji nao walikuwa na mpango wao. Mkatoliki aliweza kuhudhuria misa ya saa moja Jumapili na kufika uwanjani saa nne. Msabato hakuwa na njia kama hiyo, kwani siku yake yote ilikuwa ya Bwana. Kwa hiyo manahodha walibadilishana michezo kimyakimya. Nahodha mmoja alimwendea mwenzake akamwambia, "Ndugu, Jumamosi ile nina vijana watatu hawapo, tucheze Jumapili." Na mwenzake alikubali, maana wiki nyingine yeye ndiye angekuwa na shida. Katibu wa Ligi aliona na hakuuliza. Haikuandikwa popote. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, na mambo yakaenda vizuri kwa miaka.

Kisha akaja Katibu mpya wa Ligi, mtu wa mihuri. Akachapisha ratiba, akasema hakuna mchezo utakaosogezwa. Nilipoiona niliipeleka mezani kwangu nikaanza kuhesabu. Kila timu ilikuwa na michezo kumi. Maghala walikuwa na minne Jumamosi.

Na Maghala walikuwa na Yeremia Mogeni.

Nimewaona warefu kuliko Mogeni. Sijawahi kumwona mtu mwenye subira kama yake chini ya pete. Alikuwa mbebaji wa magunia pale ghalani, mikono kama majembe, shemasi wa kanisa dogo kule Kiogoro. Wengine waliruka mapema. Yeye alingoja mpira uamue utakapoangukia, ndipo akanyoosha mkono. Nahodha wake alikuwa Augustino, Karani wa Mizani, Mkatoliki, mtu wa mdomo mwepesi. Augustino ndiye aliyempangia Mogeni kazi zake, ili nusu siku ya Jumamosi ailipe Jumapili alasiri kwa kupanga magunia. Meneja wa zamani alikubali kwa mdomo tu. Mwaka ule alikuwa amestaafu, na Meneja mpya, aliyetoka mbali na hakuzijua desturi zetu, alikuwa hajaambiwa. Augustino alingoja siku nzuri ya kumwambia.

Mji mzima ulisema Maghala watachukua kikombe. Mimi niliwaweka nafasi ya nne. Bwana Mhariri alipoisoma rasimu yangu aliinua nyusi.

"Nafasi ya nne? Watavunja madirisha yetu. Sababu haitoshi hapa. Umeandika 'ratiba si nzuri kwao'. Ratiba gani? Andika sababu, Samweli. Mtabiri asiyetoa sababu ni mganga."

Nikaandika. Naikumbuka aya hiyo neno kwa neno, na sitaki kuikumbuka. "Maghala watacheza mara nne siku ya Jumamosi, na siku hiyo nguzo yao, Yeremia Mogeni, huwa kanisani na wala si kazini. Bila yeye hawana wa kuukamata mpira ubaoni. Tunawapa nafasi ya nne."

Na wala si kazini. Niliongeza maneno hayo ili sentensi itembee vizuri. Ndiyo, vijana. Ili itembee vizuri.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumatatu asubuhi Augustino aliingia ofisini bila kubisha, gazeti limekunjwa mkononi kama fimbo.

"Samweli! Nani alikutuma?"

"Karibu ukae, Augustino."

"Sikai! Nikikaa nitatulia, na sitaki kutulia. Miaka mitano nimemficha yule mtu kama yai. Wewe, Msabato mwenzake, unamtoa nje na kumweka juani kwa Kiswahili safi kila mgeni asome! Mimi Mkatoliki ndiye niliyetunza Sabato yake, wewe ndiye uliyeivunja!"

Wapangaji herufi waliacha kazi wakasikiliza. Nilimuuliza kilichotokea. Akanieleza. Meneja mpya alikuwa amemwita Mogeni mbele ya wafanyakazi wote, akamsomea aya yangu kwa sauti, kisha akamwambia achague: acheze na kufanya kazi Jumamosi, au achukue vitu vyake. Amempa mpaka Jumamosi ya kwanza ya msimu, siku tano mbele.

"Na Mogeni alisema nini?"

"Alisema 'Nimesikia, Bwana.' Akabeba gunia. Unamjua. Angepiga kelele ningejua la kufanya."

Nilimwendea Meneja siku iyo hiyo. Nilikuwa nimevaa koti la kanisani na nilikuwa nimesali njiani, na naweza kushuhudia kwamba niliingia kwa upole. Aliniweka nje saa nzima. Nilipoingia hakunipa kiti.

"Aa, bwana mwandishi. Nimekusoma. Kazi nzuri sana."

"Bwana Meneja, nimekuja kwa sababu ya Mogeni. Ile nusu siku anailipa. Haiibii kampuni hata saa moja. Meneja aliyekutangulia alikubali."

"Yako wapi maandishi?"

"Walikubaliana kwa mdomo."

"Basi hapakuwa na makubaliano. Maandishi pekee niliyo nayo ni yako." Akaligonga gazeti kwa kidole. "Hapa imeandikwa hayupo kazini. Umekosea?"

"Sikukosea, lakini..."

"Umesema pia bila yeye tutakuwa wa nne. Mimi sikuletwa hapa niwe wa nne. Kwa hiyo mimi nafuata ushauri wako. Atacheza."

"Hatacheza, Bwana. Ni imani yake."

"Imani," akasema, kana kwamba nimemtajia ugonjwa wa ng'ombe. "Magunia yangu hayana imani. Lakini tusigombane. Wiki hii andika kwamba umeongea nami na kwamba Mogeni atacheza. Akiona imeandikwa, ataona haya kukataa. Watu wa hapa wanaogopa kuandikwa, nimegundua."

Nimesoma Maandiko tangu utoto na najua tunachoagizwa kuhusu watu wanaotutendea vibaya. Nimemwombea mtu yule. Lakini nawaambia ukweli mbele ya Mungu: alisema maneno hayo akitabasamu, na hasira niliyoipata pale haijaisha. Mtu amepewa wafanyakazi mia na zaidi, kila mmoja ana nyumba na watu, naye anamvunja mmoja wao kwa ajili ya kikombe cha bati. Tena anataka nimshikie nyundo. Nilimwambia kwamba gazeti letu halitaandika hivyo, nikatoka, na nikasahau kofia yangu. Sikuirudia.

Siku ya pili nilipanda hadi Kiogoro. Mogeni hakuwa amerudi kutoka kazini. Mkewe, Bosibori, alikuwa akichambua nafaka ya wimbi uani. Alinitambua mara moja, akamwita binti yake.

"Mletee mgeni kiti, upesi. Huyu ndiye mwandishi. Asije akaandika kwamba hatuna viti."

Nilikaa, maneno hayo nikayapokea, maana niliyastahili. Aliendelea kupepeta. Akasema, bila kunitazama, "Tulikuwa tumepanga kuezeka kwa mabati mwaka huu."

Mogeni alipofika alinisalimu kwa Kigusii kama kawaida, "Bwairire buya," salamu ya jioni, akanawa mikono, akakaa kwenye gogo. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofanya chini ya pete.

"Ndugu Samweli, uliyoandika ni uongo?"

"Hapana."

"Basi kwa hilo huna kosa. Mimi sioni aibu kusomwa kwamba niko kanisani."

"Lakini kazi yako..."

"Ngoja. Sijamaliza. Ulikuja kwenye mazoezi mara ngapi mwaka huu?"

"Mara sita, saba."

"Ulinipima urefu. Ulihesabu mipira niliyokamata. Ulimuuliza Augustino kama goti langu limepona, nami nimesimama palepale. Mimi hukuniuliza kitu." Hakupaza sauti. "Ungeniuliza ningekuambia, 'Ndugu, ngoja wiki mbili, Augustino anakwenda kumwona Meneja.' Wiki mbili tu."

Nilikuwa nimekwenda kumwonea huruma, na kumbe aliyehitaji kufundishwa nilikuwa mimi. Bosibori akaleta uji. Alinipa kile kizuri kati ya vikombe vyao viwili, na hilo liliniuma kuliko kile kiti.

Jumamosi ile saa nne asubuhi, Maghala walipokuwa wakiingia uwanjani kukabiliana na Askari, mimi nilikuwa kanisani mjini. Kanisa lilikuwa limejaa. Mlango ulifunguliwa katikati ya wimbo na vichwa vikageuka. Mogeni, ambaye kwa kawaida aliabudu Kiogoro, aliingia na Bosibori na watoto wote, wamevaa nguo safi, wakatembea hadi viti vya mbele na kukaa. Siku zote nimeamini kwamba alitaka aonekane. Mtu asije akamsingizia kwamba aliumwa au alisafiri. Niliinamisha uso wangu kwenye kitabu cha nyimbo na sikuweza kuimba.

Jumatatu alifukuzwa. Jumatano baadhi ya waumini wenzangu waliacha kunisalimu, na mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mbele ya watu Meneja alinilipa nini. Hilo nalo lilinikasirisha, ingawa lilinistahili kiasi.

Sasa sikilizeni kilichotokea katika msimu. Mimi nilikuwa nimewapigia Maghala hesabu ya michezo minne bila Mogeni. Walicheza yote kumi bila yeye. Augustino alijiuzulu unahodha siku ile ile Mogeni alipofukuzwa na hakugusa mpira tena mwaka ule. "Mizani nitapima kwa sababu nina watoto," alimwambia Meneja. "Mpira chezeni wenyewe." Maghala wakawa wa sita. Wa mwisho kabisa. Utabiri wangu ulikosea, na kilichoukosesha ni kule kuchapishwa kwake. Laiti ungebaki kwenye daftari ungekuwa sahihi.

Mnadhani watu waliona hivyo? Walinipongeza! Sokoni walinishika mkono. "Wewe peke yako uliona Maghala wataanguka!" Mwenye duka la vitambaa alianza kuniita Nabii, na jina likashika. Bwana Mhariri mwenyewe aliandika sifa zangu ziingie ukurasa wa kwanza. Nilikwenda kwake nikamwambia aziondoe.

"Kwa nini? Gazeti limeuzwa kuliko mwaka wowote."

"Kwa sababu sikutabiri, Bwana. Nilisukuma mtu, akaanguka, sasa mnanisifu kwa kuona kwamba ataanguka."

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia uandike sababu." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri jambo. Tuligawana mzigo ule, yeye Mkatoliki na mimi Msabato, na baada ya hapo tulifanya kazi kama ndugu.

Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Ikonge kumwona Ofisa wa Wafanyakazi wa kiwanda. Nilimweleza kwamba kuna mtu mwenye nguvu, mwaminifu, asiye na kazi.

"Mrefu?" akauliza mara moja.

"Mrefu."

"Ni yule Mogeni! Nilimsoma kwako. Atanichezea?"

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Mimi nimeacha kumjibia."

Akamwita. Mogeni akasimama mbele ya meza yake, kofia mkononi, na kabla hajaulizwa la mpira akasema, "Bwana, nafanya kazi siku sita na nacheza siku sita. Ya saba si yangu."

Yule mtu mnene akacheka kwa sauti yake ndogo. "Majani yangu huja siku zote saba," akasema. "Lakini nina Wakatoliki wanaotaka Jumapili yao. Nitawapanga kama ninavyopanga malori." Na akaandika. Hili ndilo nataka mlione: alichukua karatasi, akaandika siku za kazi za Mogeni, akatia sahihi, akampa nakala. Ilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Ni haki ndogo namna hiyo ambayo yule mwingine alishindwa kuitoa.

Mwaka uliofuata utabiri ukafika tena. Chai sasa walikuwa na Mogeni, na ratiba iliwapa Jumamosi tatu. Nilikuwa nimeapa kutoandika. Bwana Mhariri akasema, "Ukificha utakuwa unawadanganya wasomaji. Ukiandika unajua kinachoweza kutokea. Nenda ujue la kufanya." Nikaenda Ikonge, nikamkuta Mogeni akishusha magunia ya majani kutoka kwenye lori, nikamngoja amalize.

"Ndugu Yeremia, safari hii nimekuja kukuuliza. Niandike?"

Akajifuta jasho. "Nisomee kwanza."

Nikamsomea: "Chai watamkosa Mogeni mara tatu."

Akatikisa kichwa. "Mbona wewe unahesabu tu siku nisizokuwepo? Michezo ni mingapi?"

"Kumi."

"Basi andika saba."

Ilitoka hivyo: "Yeremia Mogeni atawachezea Chai michezo saba." Niliwapa nafasi ya pili na walishika ya pili. Hakuna aliyepoteza kazi. Na tangu mwaka ule hadi nilipostaafu, sikuandika kitu juu ya mtu yeyote kabla ya kumfuata alipo na kumsomea. Wenzangu wachanga walinicheka. Walisema napoteza nauli. Wengine wao sasa ni wakubwa katika kazi hii, na nikisoma wanavyoandika juu ya watu wasiowahi kuwauliza neno moja, damu inanipanda, na mke wangu ananinyang'anya gazeti.

Meneja yule alihamishwa baadaye, akapandishwa cheo. Sikusikia kwamba aliwahi kumtafuta Mogeni. Nimemwachia Mungu, na nikishamwachia jioni, asubuhi nakuta nimemrudia tena. Labda ndiyo kazi niliyopewa katika uzee wangu, kumwachia kila siku.

Mogeni yuko hai. Nyumba yake ina mabati tangu zamani. Mwezi uliopita tulikuwa na ibada ya pamoja Ikonge, na kijana aliyekuwa akitambulisha wageni alinisimamisha, akasema kwa furaha, "Huyu ndiye mzee wetu Samweli, ambaye mjini walimwita Nabii!" Watu wakasema amina. Nilifungua kinywa kukataa, lakini sauti nzito ikanitangulia kutoka viti vya wazee.

"Si nabii," akasema Mogeni, akijiinua kwa fimbo yake, mrefu bado. "Nabii huambiwa na Mungu. Huyu alipanda mpaka hapa kuniuliza mimi."

Akakaa. Bosibori, kando yake, akasogea kidogo kwenye benchi na kuupigapiga ubao kwa mkono. Nikaenda nikakaa nao.